Amana Iliyoharibika: Somo Juu ya Mali Inayoachwa kwa Ndugu



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za kwetu. Mtu ameacha mali yake kwa ndugu, akaenda safari. Anaporudi aikuta imeharibika, na hakuna awezaye kumweleza imeharibikaje. Zamani mali hiyo ilikuwa mbuzi au debe la mahindi. Siku hizi aghalabu ni pikipiki.

Tumechagua pikipiki kwa sababu. Tangu mwaka 2010, serikali ilipotunga kanuni za leseni kwa pikipiki za kubeba abiria, chombo hiki kimekuwa kama shamba kwa vijana wengi wa Same na Mwanga. Hushusha tangawizi kutoka milimani, hupandisha wagonjwa na wanafunzi, na hubeba samaki kutoka Nyumba ya Mungu hadi barabara kuu. Kikilala, na watoto hulala na njaa. Ndiyo maana mtu akikuta pikipiki yake imevunjika nyumbani kwa ndugu, moyo wake hupata moto upesi, na maneno humtoka kabla hajatazama vizuri. Fundi aweza kuitengeneza pikipiki kwa siku mbili. Undugu uliovunjwa kwa maneno huchukua miaka, na mara nyingine wenyewe hufa kabla haujatengenezwa.

Tutajifunza mambo manne: maana ya amana, namna ya kuchunguza kilichoharibika, sheria zasemaje, na namna ya kuachiana mali bila kuharibu ujamaa.

1. NENO AMANA

Lugha yetu imetufadhili hapa. Amana, amini, imani, mwaminifu na amani ni maneno yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu. Amana ni kitu ulichokabidhiwa kwa sababu umeaminiwa. Kitu hicho si chako, wala hukukikodi, wala hukukiazima. Kipo kwako kwa faida ya mwenyewe.

Tutenge maneno haya matatu, maana ugomvi mwingi huanzia katika kuyachanganya. Mwenye kukodi hulipa ili atumie. Mwenye kuazima hatoi malipo, lakini hutumia kwa ruhusa. Mwenye kutunza amana hatumii. Kazi yake ni kulinda na kurudisha. Pikipiki iliyoachwa kwa ndugu ni amana, ila pale mwenyewe aliposema, "Itumie ukipata haja." Akisema hivyo, imekuwa imeazimwa, na mizani ya lawama yabadilika, kama tutakavyoona.

2. MAMBO YALIVYOTUKIA

Ili somo lisiwe la hewani, tutaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe.

Wasomaji walio mbali wajue kwamba Nyumba ya Mungu ni bwawa lililoko katika tambarare kavu magharibi ya Milima ya Upare. Mito ya Ruvu na Kikuletwa ndiyo inayolijaza, na maji yakitoka hapo huitwa mto Pangani. Bwawa lilijengwa katika miaka ya 1960, nalo lina mitambo ya umeme wa megawati 8. Watu walikuja kutoka pande nyingi kuvua perege, na hata sasa vijiji vya kando ya maji vina wenyeji wa makabila mbalimbali. Wakati wa kiangazi majani huisha mbugani, na ng'ombe na mbuzi wengi huteremka bwawani kunywa. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwani tutalihitaji.

Mwezi Juni 2023 tulilazimika kwenda Tanga kumwuguza dada yetu. Pikipiki yetu tuliiacha kwa mpwa wetu, ambaye nyumba yake iko mwendo mfupi kutoka majini. Kwa kuwa tumefundisha ualimu miaka mingi, tumezoea daftari. Tuliandika kilometa zilizosomeka, tukaandika kwamba tangi limejaa, na kwamba hakuna kilichovunjika ila mkwaruzo mmoja wa zamani kwenye madigadi ya nyuma. Mpwa wetu alisoma, akatia sahihi huku akicheka. Pikipiki ikawekwa barazani chini ya bati, ikasimamishwa kwa stendi ya pembeni, ikafunikwa turubai. Ufunguo aliuweka ndani ya sanduku lake.

Tulirudi mwezi Oktoba. Turubai lilipofunuliwa, pikipiki ilikuwa imesimama pale pale. Lakini kioo cha kulia kilikuwa kimevunjika, mkono wa breki ya mbele umepinda, taa ya ishara ya upande huo imening'inia kwa waya wake, na tangi limebonyea. Petroli ilikuwa imebaki karibu nusu. Chini ya kiti nyaya mbili zilikuwa zimekatika.

Mpwa wetu alishika kichwa. "Mjomba," alisema, "sijui. Kweli sijui."

Habari husafiri upesi kijijini. Kabla ya jioni ndugu mmoja alikwisha kusema kwamba aliyeharibu ni mtoto wa kiume wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka kumi na minne, kwa kuwa alionekana akiifuta vumbi. Jirani naye alisema amepata kusikia mngurumo wa pikipiki usiku. Mwingine aliona kwamba petroli iliyopungua yatosha kuwa ushahidi. Fimbo ilikwisha kukatwa. Mtoto alisimama kando ya ukuta wala hakutamka neno, na kunyamaza kwake nako kukahesabiwa kuwa kosa. Palikuwa na mtu aliyeshauri twende kwa mpiga ramli.

Tuliomba jambo moja tu: kwamba asipigwe mtu wala asitajwe mtu mpaka asubuhi, tutakapotazama kwa mwanga wa jua.

3. KUSOMA CHOMBO KILICHOHARIBIKA

Katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu wa sayansi kugawa ukurasa sehemu tatu: Kilichoonekana, Kinachofuata na Kinachodhaniwa. Kilichoonekana ni kile ambacho mtu yeyote akija atakiona. Kinachofuata ni kile ambacho hakiwezi kukosa kuwa kweli, ikiwa kile cha kwanza ni kweli. Kinachodhaniwa ni mengineyo yote, hata yakisemwa na watu wazima kwa sauti kubwa. Asubuhi ile tulitumia njia hiyo, na yeyote aweza kuitumia.

(a) Upande ulioumia. Stendi ya pembeni ya pikipiki iko upande wa kushoto, nayo pikipiki huegemea huko. Stendi ikizama katika mchanga, pikipiki huangukia kushoto. Lakini maumivu yote yalikuwa kulia: kioo, breki, taa, tangi. Yafuata kwamba haikuanguka kwa sababu ya udongo kulegea. Ilisukumwa kutoka kushoto na kitu chenye nguvu ya kuipindua.

(b) Alama zenyewe. Pikipiki ikianguka katika mwendo huburuzwa, na mikwaruzo huwa mirefu, imelala upande mmoja kutoka mbele kwenda nyuma. Ikianguka imesimama, hugonga mahali pachache tu panapotokeza, na alama huwa fupi. Za kwetu zilikuwa fupi. Sakafu ya baraza nayo ilikuwa na kovu dogo pale ambapo ncha ya mkono wa breki ingegonga. Yafuata kwamba iliangukia pale pale.

(c) Kilometa. Namba ilikuwa ile ile iliyoandikwa katika daftari. Mtu mmoja akasema kwamba waya wa kilometa huweza kufunguliwa kwenye gurudumu la mbele. Ni kweli, katika pikipiki nyingi ndogo hufunguka kwa mkono. Tukatazama pale unapoungana: tope la masika lilikuwa limekauka juu ya kiungo, halikuguswa. Ulikuwapo pia utando wa buibui kati ya gurudumu na ukuta, lakini huo hatukuuhesabu, maana buibui huweza kufuma usiku mmoja.

(d) Petroli. Pikipiki ndogo kama ile huenda kilometa arobaini au zaidi kwa lita moja. Nusu ya tangi ni kama lita tano. Kwa hiyo kama mtoto aliichoma barabarani, alikwenda kilometa mia mbili, wala namba haikusogea hata moja. Haiwezekani. Lakini tangi lililojaa likilazwa ubavu, petroli hupenya kwenye kifuniko mpaka ishuke chini ya usawa wake, na kifuniko kiko katikati ya tangi. Basi hubaki karibu nusu. Juu ya rangi ya tangi palikuwa na mfereji uliooshwa vumbi, unaotoka kwenye kifuniko na kuteremka upande wa kulia. Huenda mtu alinyonya petroli kidogo pia, hatuwezi kukataa. Bali kwamba nyingine ilimwagika, hilo lilionekana.

(e) Nyaya. Zilikuwa na alama ndogo za meno, mbili mbili, na chini ya kiti palikuwa na mavi ya panya na maganda ya nafaka. Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua, kwa hiyo sharti atafune, na plastiki ya waya humfaa sana. Hapo hapakuwa na fumbo.

(f) Jambo la mwisho. Pikipiki ilikutwa imesimama, imefunikwa. Pikipiki haijiinui. Yafuata kwamba mtu aliiona imeanguka, akaiinua, akaifunika tena, akanyamaza.

Sasa tuuone ukurasa. Katika Kilichoonekana na Kinachofuata tuliandika: haikuendeshwa, ilisukumwa ikaangukia kulia barazani, panya walikula nyaya, mtu aliiinua. Katika Kinachodhaniwa tuliandika: ni nani au ni nini kilichoisukuma. Yaweza kuwa ng'ombe aliyeachana na wenzake wakati wa kwenda majini, akajikuna pale. Yaweza kuwa watoto waliopanda na kucheza. Yaweza kuwa mtu mzima aliyejikwaa gizani. Mngurumo uliosikika usiku ulikuwa wa pikipiki, lakini kijiji kina pikipiki nyingi. Na aliyefuta vumbi, alifuta vumbi.

Mtoto aliondolewa shtaka la kuendesha, kwani ushahidi ulilikataa. Je, aliondolewa shtaka la kuisukuma au kuiinua na kunyamaza? Hapana, wala mtu yeyote wa nyumba ile au wa jirani hakuondolewa. Hapo elimu yetu iliishia, na ilitupasa tuiache iishie hapo. Mtu mwenye akili hujulikana kwa kuweka kalamu chini mahali asipojua.

4. SHERIA ZASEMAJE?

Watu wamekuwa na tatizo hili tangu kale, na wametunga sheria juu yake.

Sheria ya kale ya Waisraeli. Someni kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kuanzia mstari wa 7 hadi wa 15. Hapo mnyama aliyewekwa kwa jirani ili atunzwe akifa, au akiumia, au akichukuliwa, wala hakuna shahidi aliyeona, huwekwa kiapo kati ya wawili hao kwamba mtunzaji hakutia mkono wake katika mali ya mwenziwe. Mwenye mali apaswa kukipokea kiapo hicho, na mtunzaji halipi. Ikiwa aliraruliwa na mnyama wa mwitu, mtunzaji huleta mabaki yawe ushahidi. Ikiwa aliibwa kwake, hulipa. Lakini aliyeazima mnyama, naye akaumia mwenyewe asipokuwapo, hulipa. Tazameni jinsi sheria ile ilivyotambua kwamba yako mambo yasiyojulikana, ikaweka njia ya watu kuendelea kuishi kando kando bila kuyajua.

Mahakama za Uingereza. Mwaka 1703 iliamuliwa kesi mashuhuri ya Coggs na Bernard. Bernard alikubali kuhamisha mapipa ya brandi ya Coggs kutoka ghala moja hadi jingine, bila ujira. Kwa uzembe pipa moja likatoboka, na brandi nyingi ikamwagika. Akajitetea kwamba hakulipwa kitu. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Holt, ilisema kwamba ukiisha kuipokea mali ya mtu mikononi mwako, kutolipwa hakukupi ruhusa ya kuwa mzembe.

Sheria yetu ya Tanzania. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, ina sehemu nzima juu ya mali iliyokabidhiwa. Kwa maneno mepesi yasema hivi:

Kwanza, mtunzaji, awe analipwa au halipwi, apaswa kuitunza mali kama mtu mwangalifu wa kawaida atunzavyo mali yake mwenyewe ya namna na thamani ile. Akiisha kufanya hivyo, halipi kikiharibika.

Pili, akiitumia bila ruhusa, au kupita ruhusa aliyopewa, hasara itokayo katika matumizi hayo ni juu yake.

Tatu, asiporudisha kwa wakati uliokubaliwa, kwa kosa lake mwenyewe, hasara ya baada ya hapo ni yake.

Nne, mwenye mali apaswa kueleza kasoro anazozijua. Ukiacha pikipiki yenye breki mbovu bila kusema, ikamteremkia mtoto wa mwenyeji, lawama ni yako.

Tano, mtunzaji asiyelipwa akitumia fedha zake kwa mambo ya lazima ya kuitunza mali, mwenye mali humrudishia.

Watu wengi husahau hilo la tano. Huulizia kioo kilichovunjika, wala hawaulizi ni nani aliyenunua turubai.

Kuhusu polisi, kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, lakini neno kubwa hapo ni makusudi. Kuhusu bima, ile ya lazima inayokatwa na waendesha pikipiki wengi hulipa madhara wanayopata watu wengine. Haitengenezi pikipiki yako iliyoangukia barazani. Na kuhusu ramli, tukumbuke kwamba Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli haikupi habari ya jambo lililotendeka. Hukupa jina la mtu, na jina hilo mara nyingi ni la yule ambaye moyo wako ulikwisha kumshuku. Si bure watu waliiita ramli chonganishi.

5. TULIVYOMALIZA

Tulipima jambo letu kwa kipimo hicho. Je, mpwa wetu aliitunza pikipiki kama mtu mwangalifu atunzavyo yake? Aliiweka chini ya bati, akaifunika, akaficha ufunguo. Baiskeli yake mwenyewe ililala baraza ile ile, tena bila turubai. Basi hakuwa na deni.

Jioni tuliwaita wote wa nyumba, watoto kwa wakubwa, tukawasomea ukurasa wetu. Tukasema kwamba aliyeiinua pikipiki alifanya vema kuiinua. Kwamba hatudai malipo. Na kwamba akipenda kutueleza, leo au mwaka kesho, tutamsikiliza. Hakuna aliyesema. Mpaka leo hatujui. Tena hatukuitisha kiapo, kwa kuwa mpwa wetu alikwisha kutuambia neno lake, nasi tulilipokea.

Tumewaza sana juu ya yule aliyenyamaza. Pengine alitaka kusema siku ile ile, akakumbuka jinsi mtu mwingine alivyotendwa kwa kioo cha redio au sahani. Katika nyumba ambayo fimbo hukatwa kabla ya swali kuulizwa, ukweli hujificha nyuma ya ghala. Sisi wazazi na waalimu tusishangae watoto wakificha vilivyovunjika, ikiwa wameona anayesema ndiye anayepigwa.

Gharama tuligawana hivi. Sisi tulinunua kioo, mkono wa breki, taa na nyaya, tukamrudishia mpwa wetu fedha ya turubai. Yeye hakukubali kukaa hivi hivi, kwani ana heshima yake. Aliipeleka pikipiki kwa fundi, akakaa naye mpaka ikawaka, kisha akajenga uzio wa miti mbele ya baraza ili mifugo isifike. Yule mtoto ndiye aliyechimba mashimo ya nguzo. Babu yake alimwuliza kama yu tayari kuitunza tena safari ijayo. Aliitika, "Ndiyo, Babu." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tulilolisikia tangu siku ya fimbo.

Wako watakaosema tulikuwa wapole mno. Twawajibu kwa hesabu. Kama tungemshtaki mtoto kwa kudhani tu, tungalipata kisogo cha mpwa wetu, na kioo tungalinunua vile vile. Pikipiki ilikuwa amana yetu mikononi mwa mpwa wetu. Na jina la mtoto wake, siku ile tuliyoombwa kuhukumu, lilikuwa amana mikononi mwetu.

6. MASHAURI KWA ANAYEACHA NA ANAYEPOKEA

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Na tena: kitunze kikutunze. Basi fuateni haya.

Siku ya kukabidhi:
Andikeni kilometa, mafuta, na kila kasoro, upande kwa upande. Wote wawili watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Mwenye simu ya kamera apige picha pande zote nne. Mtu asione haya kumwandikisha ndugu. Daftari humlinda mtunzaji kuliko linavyomlinda mwenye mali.
Semeni wazi: yaweza kutumiwa au haiwezi? Na nani? Mpaka lini? Gharama zikitokea ni juu ya nani?
Elezeni kasoro zote zilizojificha.

Namna ya kuiweka:
Tumieni stendi ya katikati kama ipo. Kama ni ya pembeni, wekeni jiwe bapa au kipande cha ubao chini yake.
Tangi la chuma lijazwe ili lisishike kutu kwa ndani, na koki ya mafuta ifungwe. Kama pikipiki italala miezi mingi, petroli iliyomo ndani ya kabureta imwagwe, kwa sababu ikikauka huacha utando unaonata na kuziba matundu madogo.
Waya mmoja wa betri ufunguliwe, na betri ichajiwe mara kwa mara. Ikiachwa tupu kwa muda mrefu hufa.
Tairi zijazwe upepo, na gurudumu lizungushwe kidogo kila baada ya wiki chache ili tairi isibonyee mahali pamoja.
Mdomo wa ekzosi uzibwe kwa kitambaa, kwani nyigu hupenda kujenga humo. Mtu akumbuke kukiondoa kabla ya kuwasha.
Isiwekwe karibu na ghala la nafaka, wala chini ya mahali kuku wanapolala, maana mavi yao hula rangi. Wala isiwekwe ndani karibu na jiko, kwa hatari ya moto.

Likitokea jambo:
Mtunzaji aseme siku ile ile, hata kama ni kwa simu, hata kama hajui sababu. Habari mbaya ya mapema ni nyepesi kuliko ya baadaye.
Mwenye mali asitengeneze kitu kabla ya kutazama mbele ya mashahidi, wala asitamke jina la mtu kabla ya kuandika ukurasa wenye sehemu tatu.
Wakishindwa kupatana, waende kwa wazee wa ukoo au mwenyekiti wa kitongoji, na mwisho Mahakama ya Mwanzo. Njia hizo zote ni halali na hazina aibu.

7. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mama mmoja ameacha cherehani kwa wifi yake. Wifi ameitumia kushona sare za watoto bila kuomba, na sindano na mkanda vimekatika. Je, ni amana au imeazimwa? Nani alipe?
2. Kijana ameacha pikipiki kwa baba yake mdogo kwa wiki mbili, akakaa miezi minane bila kutoa habari. Tairi zimeoza. Je, baba mdogo ana deni? Je, kijana ana deni kwa baba mdogo?
3. Someni tena Kutoka 22:10-15. Kwa nini anayeazima hubeba mzigo mkubwa kuliko anayetunza?
4. Toeni mfano wa kitu kilichoharibika nyumbani mwenu. Andikeni yale yaliyoonekana, yale yanayofuata, na yale yanayodhaniwa. Je, yule aliyelaumiwa alikuwa katika sehemu ipi?
5. Katika nyumba yako, mtoto akivunja kitu, je, anaona ni salama kusema? Waulizeni watoto wenyewe, nao wajibu kwanza.